Majina Yasiyosemwa Nchi Kavu

Tulioingia chumbani kumwosha Bi Riziki tulikuwa wanne: Bi Mwanamkuu, mwoshaji wetu wa siku zote hapa kisiwani Kichakani, Tausi, binti pekee wa marehemu, mdogo wangu Zuhura, aliyeshika ndoo, na mimi, Mwanaidi, niliyeshika kichwa. Sebuleni walikuwepo wanawake wa kisiwa kizima, na juu ya mkeka karibu na mlango alikaa Dokta Naomi, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, nywele zote nyeupe, amejitanda kanga ya kuazima. Nje, upande wa wanaume, alikuwepo Hamza, kaka wa marehemu, aliyesimamia mazishi, na mdogo wetu wa mwisho, Bakari, aliyefika asubuhi ile kutoka Pongwe akabisha hodi kwenye nyumba aliyozaliwa kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Nawataja wote kwa sababu wote walilisikia swali la Hamza na wote wakalijibu, isipokuwa mimi. Jeneza lilipokuwa tayari kutoka, alisimama mlangoni akauliza kwa sauti iliyosikika ndani na nje: "Jamani, kama kuna anayemdai marehemu, aje kwetu wafiwa. Na kama kuna aliyekosewa naye, tunamwombea radhi. Mnamsamehe?" Watu wakaitika, "Tumemsamehe." Akauliza mara ya pili, wakaitika. Mara ya tatu niliitambua sauti ya Bakari, nene, ya mtu mwema, ikisema tumemsamehe, kisha akaingiza bega chini ya jeneza. Hakujua anambeba nani. Mimi nilikuwa nimebana midomo mpaka taya likauma.

Mwoshaji hasemi alichokiona mwilini, na mimi sitasema. Lakini alichokifanya mtu akiwa mzima si siri ya mwoshaji. Nimenyamaza tangu nikiwa na miaka kumi na minane, na sasa nina wajukuu. Wageni wanaokuja kisiwani kujifunza jinsi tunavyoufunga mwamba huletwa kwangu. Hunipiga picha nikiwa na ndoo yangu na chuma changu cha pweza, wakaniuliza nilipata wapi busara ile. Nimekuwa nikiwajibu kwamba niliachiwa na mama. Si kweli. Waliyoiita busara ilikuwa kisasi, na mwaka niliposhika mimba ya kisasi hicho ndio nitakaousimulia hapa.

Habari za wazazi wangu nitazipita. Inatosha kusema kwamba mwaka ule ulianza na arobaini ya mama, baba akiwa ametangulia zamani, na kwamba mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili nimuuguze. Jioni ya arobaini, sahani zikiwa bado hazijaoshwa, tulikaa katika chumba cha mbele, chumba chenye dirisha moja dogo na harufu ya udi uliochanganyika na mchuzi. Mjomba Salimu alikuwa amekuja kutoka Pongwe. Zuhura alikuwa na miaka kumi na mbili, Bakari minane, amelala kichwa juu ya paja langu, macho yamefumbwa, masikio wazi.

"Haya, Mwana," mjomba akasema. "Huna mume, huna shule. Hawa utawalisha nini?"

"Pweza, mjomba."

Akacheka. "Pweza! Na mwamba wenyewe nasikia mnaufunga. Kuna mama mmoja wa chuo kikuu kule Kigombe anapita akihubiri watu waache kuvua. Mtakula mahubiri?"

Ni Bi Riziki aliyenitetea. Alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na shoga wa mama tangu usichana, ndiye aliyemwosha. Alikuwa ameegemea mlango, anafuta mikono kwa kanga. "Salimu, mwache mtoto. Mwamba wa mama yake upo, na mimi nipo."

Mjomba akatafuna kijiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kike watupu, akamtamani Bakari kama mtu anavyotamani kiti cha jirani. "Nakupa mpaka huo mwamba utakapofunguliwa," akasema mwisho. "Siku hiyo hiyo nakuja mwenyewe, nafunua chungu. Nikikuta kitu, nakula nawe nakuacha. Nikikuta maji, naondoka na mwanamume wangu." Nikahisi mkono wa Bakari ukishika pindo la nguo yangu. Basi hayo ndiyo yalikuwa masharti, na nikayakubali, kwa kuwa niliujua mwamba wa mama kuliko nilivyojua hesabu za shule.

Niueleze mwamba. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakitoka, upande wa kisiwa unaotazama bahari kuu hubaki uwanda wa mawe na vidimbwi, na wanawake wa Kichakani huenda kule na ndoo na chuma kirefu kutafuta pweza. Pweza anakaa tunduni, na tundu sisi tunaliita nyumba. Mgeni anaweza kutembea asubuhi nzima asione nyumba hata moja mpaka maji yarudi yamfukuze. Aliyefundishwa huenda moja kwa moja. Kila mwanamke alikuwa na nyumba zake, alizoonyeshwa na mama yake, na kila nyumba ilikuwa na jina, na jina ndilo lilikuwa amri. Mama alikuwa na saba. Mlango Mbili ilikuwa nyumba ambayo lazima uzibe tundu moja tu, jingine uliache, ili anayestahili kuponyoka aponyoke. Jungu la Wageni hukuigusa mpaka uwe na mgeni. Kitanda cha Mgonjwa hukuigusa mpaka kuwe na mgonjwa kisiwani, awe wako au wa adui yako, na pweza utakayemtoa unampelekea. Kwa hiyo siku zote zilikuwepo nyumba zilizopumzika. Na ilikuwepo sheria moja juu ya zote: majina hayo husemwa juu ya mwamba tu, mama kwa binti, maji yakiwa kifundoni. Hayasemwi nchi kavu. Yangu nayaandika kwa sababu yameshasemwa na kinywa kichafu. Hayana tena cha kulindwa.

Dokta Naomi, ndiye huyo wa chuo kikuu, alifika wiki ile ile, akapanga chumba kwa Bi Riziki. Wakati ule alikuwa msichana tu, miguu myembamba, viatu vya mpira vikubwa kuliko yeye. Wanawake walimpenda kwa sababu aliogopa kila kitu na alijaribu kila kitu. Siku ya kwanza mwambani aliteleza mara tatu, na Bi Riziki akamwambia, "Shika kanga yangu, mtu wa milimani. Huku hakuna kabichi za kushikilia." Alipopikiwa pweza wa nazi alikitazama kile kimkono chenye vikombe kwenye sahani, akafumba macho, akasali sala ya Kilutheri, akala, kisha akaomba aongezwe. Alikuja na wazo la kuufunga mwamba miezi minne, kwa kuwa pweza hukua haraka, na ukimwacha kidogo anakuwa mkubwa mara kadhaa. Lakini baada ya kutembea nasi bamvua mbili akaona kwamba kuna matundu tunayapita. Akaniuliza sababu. Tulikuwa juu ya mwamba, nikamwambia kidogo. Alikaa juu ya jiwe, maji yakampanda kiunoni hakujali. "Mwana," akasema, "nimesoma miaka yote ile nije kuwafundisha kupumzisha mwamba. Kumbe mama zenu waliupumzisha kwa majina." Akataka yaandikwe, ili mpango wake ufuate wetu badala ya wetu kufuata wake, na ili bibi zetu wakifa yasife nao. Nilimwamini wakati ule, na juu ya hilo namwamini hata leo.

Siku ya kuandika tulikaa kwa Bi Riziki, adhuhuri, kwenye chumba chake cha kati. Paa lilikuwa makuti yaliyochoka, na nuru ilidondoka sakafuni vipande vipande juu ya karatasi kubwa aliyoitandika Dokta. Katikati yetu palikuwa na sinia la muhogo na mchuzi. Wanawake watatu wazee walikataa katakata, wakaaga. Nikabaki mimi. Bi Riziki mwenyewe alisema zake hazina maana. Nyumba zake nyingi za upande wa kusini zilikuwa zimevunjwa na wapiga baruti miaka ya nyuma, na zilizobaki ukingo wa kaskazini zilikuwa tatu tu. Mama alikuwa akimgawia kutoka zake. Hilo nililijua, sikulipima uzito.

"Sema, mwanangu," akaniambia.

"Nchi kavu, Bi Riziki?"

"Karatasi si kinywa. Na huyu si mgeni, amekula jikoni kwangu. Ukifa kesho Zuhura ataonyeshwa na nani?"

Neno la kufa lilinishika, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuzika. Nikageukia ukutani, nikayasema saba yote kwa sauti ndogo, na Dokta akaandika kila jina mahali pake, akilinganisha na vipimo vya kile kidude chake cha satelaiti. Alipomaliza alitengeneza nakala. Moja akaiweka mfukoni mwake, ya pili akamkabidhi Bi Riziki mbele yangu. "Yangu haitaonwa na yeyote asiye mwanamke wa kisiwa hiki," akaahidi. Na alitimiza ahadi. Ndiyo sababu sikuwahi kumchukia kama nilivyotaka. Alitimiza kila alichosema, na mimi nikaangamia vilevile.

Miezi minne ile naikumbuka kwa vyungu. Tulikula kisamvu, tulikula uji wa muhogo, tulikula chaza wadogo wa pwani wanaomwachia mtu njaa zaidi ya aliyokuja nayo. Nilisuka makuti, nilifua nguo za watu. Bakari alikuwa akichungulia bakuli anasema, "Dada, uji huu umekonda kuliko mimi," na sisi tunacheka, na mimi nikienda uani nanyamaza kucheka. Kila bamvua nilisimama pwani natazama mwamba ukijifunua, mtupu, na niliziona nyumba zangu saba kama mtu anavyoona sufuria lililofunikwa. Sikuvunja mwiko hata mara moja. Zuhura alipougua homa, Kitanda cha Mgonjwa kilikuwa halali yangu kwa sheria ya mama, lakini nilikuwa nimeweka kidole changu kwenye karatasi ya kamati ya kuufunga mwamba. Sikwenda.

Siku ya kufunguliwa wanawake tulishuka wote pamoja, tumevaa kanga nzuri kama tunakwenda harusini. Wenzangu walianza kupiga vigelegele mapema. Pweza walikuwa wakubwa, mikono inamzunguka mtu mpaka begani. Mimi nilikwenda Mlango Mbili. Milango yote miwili ilikuwa imefanywa mmoja. Mtu alikuwa ameingiza mtaimbo akaling'oa jiwe la juu, na matumbawe yalikuwa yamevunjwa yakaanza kuota ukijani. Nikakimbilia Jungu la Wageni, hivyo hivyo. Nyumba ya tatu, ya nne, zote. Kitanda cha Mgonjwa kilikuwa kimepinduliwa, miguu juu. Jirani zake, matundu yasiyo na jina, hata hayakuguswa. Aliyekuja hakutafuta, alijua. Nilisimama pale mpaka maji yakarudi magotini, na Tausi, binti wa Bi Riziki, aliyekuwa rika langu, akaja kunivuta mkono. Alikuwa na pweza wawili. Akataka kunitilia mmoja ndooni. Kwa hasira nikammwaga majini.

Nyumbani, Mjomba Salimu alikuwa ameshafika. Alifunua chungu, akakifunika taratibu, hakusema neno la kunicheka. Bakari alivaa shati lake la Idi. Hakulia, aliniambia, "Dada, nitarudi ukishapata," kana kwamba nilikuwa nimepoteza kitu kinachookotwa. Hakurudi. Huja, lakini hakurudi. Leo ni dereva wa lori la machungwa la Muheza, ana mke na watoto wanaoniita shangazi kwa adabu nyingi mno, na akiingia kwangu huuliza akae wapi.

Siku ya nne baada ya hapo nilikuwa uani naosha vyombo, nikasikia mizigo ya mashua ikishushwa kwa Bi Riziki, na sauti ya bati likilazwa juu ya bati. Ua wetu ulikuwa wa makuti. Kijana mmoja, mtu wa mnunuzi wa pweza wa Kigombe, alikuwa akicheka: "Mama, ile karatasi yako ilitufikisha mpaka mlangoni. Hicho Kitanda cha Mgonjwa! Mgonjwa kumbe alikuwa mnene!" Na Bi Riziki akasema chini chini, "Nyamaza, wewe. Mtoto yuko upande wa pili." Nililishika bakuli la udongo mpaka likapasuka mkononi. Jina alilonipa mama, maji yakiwa kifundoni, lilitoka mdomoni mwa mwanamume nisiyemjua, nchi kavu, kwenye mzaha. Mvua za mwaka ule zilipoanza, paa la Bi Riziki halikuvuja tena. Sisi tulilala tukisikia kila tone likigonga juu ya bati lake, na mimi nilikuwa nikizisikia nyumba zangu, moja moja, zote saba.

Sikumwendea. Watu wengi wangekwenda kupiga kelele mlangoni. Mimi nilingoja, kwa kuwa mama alinifundisha kwamba pweza havutwi anapojikaza, unamwacha alegee. Dokta Naomi alirudi, akaona mwamba, akalia mbele ya watu. Akaitisha mkutano darasani, wanawake wote tukakaa kwenye madawati ya watoto. Alisema kamati inataka kufunga sehemu moja daima, isivuliwe tena na yeyote, iwe mbegu ya mwamba mzima. Akauliza ni wapi. Nikasimama. Sijawahi kusimama mbele ya watu kabla ya siku ile.

"Ukingo wa kaskazini," nikasema. "Mama aliniambia kule ndiko uzazini. Majike hulalia mayai kule."

Mama hakuwahi kuniambia hivyo. Kule zilikuwa nyumba tatu za Bi Riziki, ndizo zote alizobakiwa nazo duniani, na nilizijua kwa sababu tangu nina miaka saba nilitembea nyuma yake na mama, na yeye alizitaja mbele yangu akidhani mtoto hasikii. Dokta akamgeukia. "Bi Riziki, wewe mtu mzima, unasemaje?" Bi Riziki alinitazama muda mrefu. Angeweza kusema mtoto anadanganya. Lakini wangemuuliza kwa nini nidanganye, na hapo ingebidi alitaje bati. Akainama, akafunga vizuri fundo la kanga yake. "Mtoto amesema kweli," akajibu. Dokta alipiga mbizi kule kesho yake akakuta majike wawili juu ya mayai, kama ambavyo angewakuta popote kwa msimu ule, na ukingo wa kaskazini ukafungwa. Umefungwa mpaka leo. Kuna ubao, na nyumba za kule zina namba.

Tangu siku hiyo Bi Riziki aliokota chaza pwani pamoja na watoto. Nilikuwa nikipita na ndoo, nimejifunza matundu mapya kwa jasho langu, namwamkia, "Shikamoo, Bi Riziki," naye anaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kila siku, mwaka baada ya mwaka. Nilifurahi. Sitajipamba hapa. Niliyafurahia magoti yake yaliyokuwa matopeni. Kilichoniharibia furaha ni mwamba wenyewe: uongo wangu ulizaa. Kwenye ukingo uliofungwa pweza walijaa, wakamwagika, wakalisha kisiwa chote, na watu wa visiwa vingine wakaja kutazama. Dokta akazeeka akinisifu. Mtu niliyetaka afe njaa alikula, kama wengine, kutoka kwenye adhabu yake.

Tausi ndiye aliyenifuata alfajiri ya msiba. "Dada Mwana, mama ameusia umwoshe wewe." Nilikwenda, kwa kuwa wasia wa maiti haukataliwi. Tulipokwisha kumvika sanda na Bi Mwanamkuu ametoka kumwaga maji, Tausi akaninong'oneza: "Kuna jingine. Mwamba wake ulifungwa kabla hajanipeleka. Kunitajia majina yake nyumbani hakutaka, hata alipokuwa anakata roho. Alisema unayo wewe. Akasema nisiyaombe hapa nchi kavu." Akaishia hapo. Hakujua anaomba nini. Hajui kwamba ili kumwambia majina matatu ya mama yake lazima nimpeleke ukingo wa kaskazini, na ili kwenda kule lazima nimweleze Dokta Naomi kwa nini tunavuka ubao, na kwamba nikieleza, itabidi nieleze yote. Bi Riziki alijua. Alikuwa amenifungia mlango mmoja, akaniachia mmoja.

Bamvua mbili zimepita tangu mazishi. Zote mbili Tausi alikuja kunigongea, kajifunga kanga, kashika chuma cha mama yake, kasimama nje bila kuuliza kitu. Majina hayo matatu sikuyaandika humu, na sitayaandika. Ni mimi tu ninayeyajua sasa. Mara zote mbili nilimwambia goti linaniuma, tutaona bamvua ijayo. Goti langu ni zima.